Achari Kundi la 29, Chatne Kundi la 30

Tangu kaka yangu aweke kwenye status yake ya WhatsApp picha ya barua inayosema alama yetu ya biashara imekubaliwa kutangazwa (jina akiwa amelifunika kwa kidole gumba), simu yangu haitulii. Wa kwanza kuuliza walikuwa mashoga zangu wanaouza mabuyu na kachiri, akafuata fundi wa viatu wa Bondeni, kisha watu nisiowajua kabisa waliopewa namba yangu na majirani. Wote huanza na swali moja: kusajili alama ni shilingi ngapi? Nimechoka kurekodi sauti zile zile kila usiku baada ya isha. Nayaandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Bei nitaigusa huko mbele. Swali lililotutoa jasho sisi halikuwa la bei. Fomu ya maombi ina nafasi ya kujaza jina la mwombaji, yaani mwenye alama, na nafasi hiyo ilikaa tupu nyumbani kwetu muda mrefu kuliko karatasi zetu zilivyokaa kwa Msajili wa alama za biashara.

Kwanza mjue tunauza nini. Mamangu hutengeneza achari ya maembe na ya ndimu, chatne ya ukwaju, na bizari ya pilau anayoikaanga na kuisaga mwenyewe, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale. Ilianza kwa vibakuli vya kupelekeana na majirani mwezi wa Ramadhani. Sasa ni chupa na mifuko inayouzwa Marikiti, Kongowea na maduka mawili matatu ya Likoni, na haipiti muda bila mtu kuchukua katoni ampelekee nduguye Muscat au Jeddah. Kwenye lebo pana mkono wenye hina ulioshika mchi, juu yake neno moja, na chini yake maneno "Achari Tamu ya Mombasa". Lile neno la juu ndilo sisi wajukuu tulilomwita bibi, mamake mama, tulipokuwa hatujaweza kutamka sawasawa. Halimo katika kamusi yoyote. Likawa ndilo jina lake mtaani, hata muuza samaki akimwita hivyo, na alipofariki mama akaanza kuliandika kwenye vifuniko vya chupa. Silitaji hapa kwa sababu muda wa pingamizi haujaisha na wakili wetu ametuomba tutulie.

Kilichotuamsha ni mteja aliyempigia mama simu kumlalamikia kwamba pilau yake imetoka ya njano kama biriani ya mkahawa. Mama akaapa kwamba bizari yake haina manjano hata chembe. Dadangu akaenda Kongowea, akarudi na mfuko. Neno letu lilikuwapo, herufi ya mwisho imebadilishwa. Mkono upo, hina ipo, mchi umegeuka mwiko. Nyekundu yetu na kijani chetu pia vipo. Ndani, manjano tele na kitu kinachofanana sana na unga.

Tukamwendea mwenye mzigo, bila shari. Alitukaribisha vizuri, akatuagizia soda, kisha akafungua droo na kutoa cheti cha usajili wa jina la biashara alichokipata kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kibali chake cha kaunti kimelipiwa mwaka mzima. Karatasi zake zote zilikuwa halali. Kaka alibaki mdomo wazi, maana alikuwa amekuja na vitisho vya polisi.

Hapa ndipo wengi wanaonipigia wanapojikwaa, kwa hivyo nitakaa kidogo. Cheti cha jina la biashara kinaiambia serikali nani yuko nyuma ya jina fulani la duka. Hakikupi haki ya kumzuia mwingine kuandika neno hilo kwenye bidhaa zake. Kibali cha kaunti kinakuruhusu kuuza mahali fulani. PIN ya KRA ni ya kodi. Alama ya KEBS, shirika la viwango, inazungumzia ubora wa kilichomo ndani ya mfuko. Mamangu alikuwa nazo zote, ameziweka kwenye fremu ukutani pembeni ya picha ya Makka, na hakuna hata moja inayosema neno lile ni la nani sokoni. Hilo linasemwa na usajili chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na anayesajili ni Taasisi ya Haki Miliki za Viwanda ya Kenya, ile inayojulikana kama KIPI, makao yake Nairobi.

Asiyesajili hakuachwa mikono mitupu kabisa. Anaweza kumshtaki mwingine kwamba anapitisha bidhaa zake kama kwamba ni za mwenye jina. Lakini itambidi athibitishe kuwa jina lake linajulikana kwa wanunuzi, kuwa wanunuzi wamepotoshwa, na kuwa amepata hasara. Mashahidi tungewapata, Mji wa Kale mzima ungekuja kortini na buibui zake. Pesa za kuendesha kesi ya namna hiyo hatukuwa nazo. Aliyesajili huonyesha cheti, na sehemu kubwa ya mabishano hayo humalizikia hapo.

Nilifikiri kumweleza mama maana ya alama ya biashara kungechukua jioni nzima. Hakuhitaji hata dakika. "Si kama Mali ya Abdulla?" akaniuliza. Na kweli. Mwanamke wa Mombasa akienda Biashara Street kununua leso, huitazama na kuisoma mpaka aone maandishi ya Mali ya Abdulla, ndipo ashike mkoba. Nakshi inaweza kufanana, methali ya leso inaweza kunakiliwa na yeyote, bali maandishi yale ndiyo yanayomwambia leso imetoka wapi. Mama amekuwa akisoma alama za biashara tangu yu kigori.

Basi tukarudi kwenye ile nafasi tupu ya fomu.

Kaka alitaka iandikwe kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye anayeshughulika na benki na usafirishaji. Dada alisema aandikwe mama, kwisha. Mimi nilikuwa upande wa dada mpaka mjomba alipokuja. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, mtu wa heshima, hasemi upesi. Alikunywa kahawa yake, akatusikiliza, kisha akamgeukia mama.

"Dada, hilo ni jina la mama yetu. Kama ni mali, basi ni mali ya mama, na mali ya marehemu ina mirathi. Mimi ni mtoto wa kiume."

Kimya kikaingia. Kila mmoja sebuleni alikuwa akijua hesabu yake: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Mama akasema, "Kaka, jina ni la mama. Achari ni ya mikono yangu." Mjomba akajibu kwamba watu wananunua kwa sababu ya jina. Mama akasema wanarudi kwa sababu ya achari. Wakaendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri ikawaokoa.

Nilimpelekea wakili swali hilo kama lilivyo, na jibu lake ndilo ninalotamani kila familia yenye biashara ilisikie kabla ya kugombana. Akaniuliza: bibi aliwahi kuuza achari? La. Aliwahi kuuza chochote kwa jina hilo? Hakuuza hata kijiko. Basi, akasema, wakati wa uhai wake neno lile lilikuwa jina la mapenzi, na jina la mapenzi halirithiwi wala haligawanywi. Lilianza kuwa na thamani ya kibiashara siku lilipoandikwa kwenye chupa na watu wakaanza kulifuata, na aliyefanya hivyo ni mama. Haki ya alama huota kwenye biashara. Bibi hakuacha biashara.

Lakini wakili huyo huyo akaongeza jambo ambalo lilinifanya nimwache dada na hoja yake. Alama iliyosajiliwa ni mali kama kiwanja. Inauzwa, inapewa mtu, inarithiwa. Tukiiandika kwa jina la mama pekee, siku Mwenyezi Mungu atakapomchukua, itaingia kwenye mirathi pamoja na dhahabu zake na kitanda chake cha samadari, na itabidi tupitie mahakama ya Kadhi kabla ya yeyote wetu kuweza kusimama na kumwambia mtu wa Kongowea acha. Kampuni haifi kwa kifo cha mtu. Hisa ndizo zitakazorithiwa, na alama itaendelea kukaa pale pale.

Kwa hivyo ile nafasi ikajazwa jina la kampuni. Mama ana hisa nyingi, sisi watoto watatu tuna zetu. Tulimwekea mjomba hisa pia, akazikataa. Alichotaka ni ahadi: neno lile lisiuzwe kwa mtu wa nje ya ukoo, na lisiwekwe kwenye kitu cha haramu. Hayo ya kwanza yameandikwa kwenye makubaliano ya wenye hisa, kwamba alama haihamishwi bila wote kukubali. Ya pili mama alisema hayahitaji wakili.

Baada ya hapo mambo mengine yalikwenda upesi, nami nitayapita upesi vile vile, isipokuwa mawili.

Utafutaji kwenye daftari la Msajili ulionyesha kwamba kuna neno linalokaribiana na letu kwa sauti, lakini limesajiliwa kwa sabuni na manukato. Hilo halikutuzuia, kwa sababu alama husajiliwa kwa bidhaa maalumu, na hakuna atakayepaka achari akidhani ni mafuta ya mwili. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa makundi 45 kwa mfumo uliotokana na mkataba wa Nice wa mwaka 1957, bidhaa makundi 34 na huduma 11. Unachagua makundi yako, na ada zinahesabiwa kwa kundi.

La kwanza kati ya yale mawili ni hili. Achari, mboga na matunda yaliyohifadhiwa kwa siki au chumvi, iko kundi la 29. Chatne iko kundi la 30 pamoja na viungo, chai, kahawa na peremende. Mama alipoambiwa alidhani tunamtania. "Zatoka jiko moja, mwiko mmoja, na wateja wale wale. Nani amezipa talaka?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Bizari ya pilau nayo ni 30. Mashoga zangu wa kachiri: chipsi za viazi ziko 29, anzeni kutazama hapo. Mwenye mkahawa aende 43. Mwenye kushona kanzu na madera, 25. Na usishawishike kujaza makundi ya ndoto zako. Kaka alitaka tuongeze 43 kwa kuwa huenda siku moja tukafungua hoteli, nikamkumbusha kwamba alama isiyotumika kwa miaka 5 mfululizo inaweza kuombewa kufutwa, na kwamba pesa ya kundi la tatu ingetosha kununua maembe mabichi ya msimu.

La pili lilimuuma kaka zaidi. Msajili alikubali neno letu, akakubali mkono wenye hina na mchi kama tulivyouchora, kisha akatutaka tutamke kwamba hatudai haki ya peke yetu juu ya maneno "achari", "tamu" na "Mombasa". Kaka alikasirika. Tumezaliwa Mombasa, babu zetu wamezikwa Mombasa, leo tutie sahihi kwamba Mombasa si yetu?

Mimi naona Msajili alikuwa sawa kabisa, na nilimwambia hivyo mezani. Sheria haitaki mtu mmoja afungie neno linalotaja aina ya bidhaa, sifa yake au mahali inapotoka, kwa sababu wenzake wanalihitaji. Mama wa nyumba ya pili naye anatengeneza achari, nayo ni tamu (si kama ya mama, lakini ni tamu), na yuko Mombasa. Kwa nini azuiwe kusema ukweli kwenye chupa yake? Neno ambalo halikuwapo kabla yako ndilo rahisi kulidai. Kadiri neno linavyoeleza bidhaa, ndivyo linavyokuwa la watu wote. Nawaambia hivi wanaonitumia majina kama "Kachiri Bora za Pwani" wakiuliza kama yatapita. Tafuteni jina la bibi.

Na tukumbuke tulivyolia wenyewe. Mwaka 2007 habari zilipoenea kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba huko kwao kusajili neno "Kikoy", pwani yote ilichemka. Wafumaji na wauzaji wa vikoi waliona wanaibiwa nguo waliyovaa babu zao. Kenya ikapinga, mashirika ya huko huko Uingereza yakasaidia, na ombi lile halikufika popote. Hoja ilikuwa ile ile: kikoi ni jina la nguo, kila anayeuza nguo hiyo analihitaji. Huwezi kushangilia hoja hiyo ikimzuia Mwingereza halafu ukaikasirikia ikikuzuia wewe usimiliki Mombasa.

Kuna pia wanaonitajia "hakuna matata". Ni kweli Disney, kampuni ya filamu ya Marekani, iliomba mwaka 1994 kuyasajili maneno hayo na ikapata usajili huko kwao mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi ombi la kulalamika. Lakini usajili ule ni wa nguo, tena wa huko. Hakuna atakayekukamata kwa kusema hakuna matata kwenye feri ya Likoni. Hasira naielewa, hata mimi sikupenda. Ila ukishajua alama ya biashara inafunika eneo dogo kiasi gani, unaacha kuogopa mambo yasiyokuwapo na unaanza kulitunza hilo eneo lako dogo.

Rangi: tuliwasilisha mchoro kwa nyeusi na nyeupe, maana alama iliyosajiliwa bila kubanwa na rangi huhesabiwa ni ya rangi zote. Mtu wa Kongowea akigeuza nyekundu kuwa zambarau, bado tunaye.

Ikikubaliwa, alama hutangazwa kwenye jarida la KIPI, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 tangu kutangazwa. Hapo ndipo tulipo sasa. Zikipita salama tunalipia cheti, na ulinzi wetu utahesabiwa kuanzia tarehe tuliyowasilisha maombi, miaka 10, kisha tunahuisha kwa miaka 10 mingine, na mingine. Kabla ya cheti usithubutu kuchapisha ile R iliyo ndani ya duara. Kudai alama imesajiliwa ilhali haijasajiliwa ni kosa kisheria, na lebo nyingi pale Marikiti zingemtia mwenyewe matatani.

Bei sasa. Kuna ada ya utafutaji, ya maombi, ya tangazo na ya cheti, na orodha yake iko kwenye tovuti ya KIPI. Sikuandikii tarakimu kwa sababu mtu ataisoma mwakani aje anidai. Wakili si lazima kwa mkaazi wa Kenya. Maombi huingizwa mtandaoni, na mwenye subira anaweza kujaza mwenyewe. Sisi tulimlipa wakili, na sijutii, ila si kwa ajili ya fomu. Tulimlipa kwa lile jibu lake juu ya hoja ya mjomba.

Mtu wa Kongowea bado anauza. Tulimpa taarifa kwa maandishi kwamba tumewasilisha maombi na katika tarehe gani, akasema anamaliza mifuko aliyokwisha kuchapisha. Huenda ni kweli. Tukipata cheti na mifuko ingalipo, kuna korti, na kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia iliyoundwa na sheria ya mwaka 2008. Mama hataki tufike huko; anasema yule kijana ana watoto, abadilishe jina tu na apunguze manjano.

Kilichobaki ni Zanzibar. Shangazi huchukua mzigo Unguja kila anapokwenda kwa wakwe zake, na nimemweleza kwamba cheti cha Kenya hakivuki mpaka. Tanzania Bara alama husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa huko, ambako muda wa kwanza ni miaka 7 na si 10, na Zanzibar ina wakala wake tofauti, BPRA, kwa hivyo kusajili Dar es Salaam hakukusaidii Forodhani. Kenya imo katika Itifaki ya Madrid, mkataba wa kimataifa wa alama za biashara, tangu mwaka 1998, nayo inarahisisha kuomba katika nchi wanachama kwa ombi moja, lakini hiyo ni pesa ya biashara kubwa kuliko yetu. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia Unguja wana achari zao na hawajawahi kumuuliza jina, huonja kwanza. Binamu yangu aliyeko huko atakwenda BPRA kuulizia ada hata hivyo, na nitaandika akinijibu.